Kengele yenye kamera mlangoni mwangu: tathmini baada ya miezi 14

Bidhaa ninayoitathmini ni kengele ya mlangoni yenye kamera, ya aina inayotumia betri na kuunganishwa na simu kupitia mtandao wa nyumbani. Hapa Louisville, Kentucky, utaiona karibu kila upande unaogeukia. Niliinunua kwa dola 90 na ushei, nikaifunga mwenyewe kwa skrubu mbili baada ya mwenye nyumba kunipa ruhusa kwa maandishi. Chapa yake sitaitaja, kwa sababu nimeilinganisha na za majirani nikaona tofauti ni ndogo, na kwa sababu swali lililonifanya niinunue si lile linalojibiwa na tangazo lake. Tangazo linazungumzia wezi wa vifurushi. Mimi niliinunua kwa hofu ya askari watakaokosea mlango.

Asiyeishi katika mji huu anaweza kudhani hofu hiyo ni ya mtu anayekesha na taarifa za habari. Lakini ni hapa hapa ambapo usiku wa tarehe 13 Machi 2020, kwenye saa sita na dakika 40, askari kanzu wa kikosi cha dawa za kulevya walivunja mlango wa fleti ya Breonna Taylor, mwanamke wa miaka 26 aliyekuwa akifanya kazi katika chumba cha dharura cha hospitali. Waliyekuwa wakimfuatilia ni mwanamume aliyewahi kuwa na uhusiano naye, ambaye hakuwemo ndani na usiku huo huo alikamatwa kwingine. Mpenzi wake aliyekuwa naye chumbani, akiamini kwamba wamevamiwa, alifyatua risasi moja iliyompata askari mmoja pajani; askari wakajibu kwa risasi 32, nyingine zikapenya ukuta hadi fleti ya jirani. Breonna, ambaye hakushika silaha yoyote, alifia kwenye ukumbi wa nyumba yake.

Mtu makini atasema kwamba nyumba ile haikuwa ya makosa, kwani anwani iliyovamiwa ndiyo iliyoandikwa kwenye hati ya upekuzi. Ni kweli, na ndiyo maana kisa hiki kinanitisha kuliko vile vya kupotea njia. Kilichokuwa na kasoro ni hati yenyewe: mwaka 2022 mpelelezi mmoja alikiri mbele ya mahakama ya shirikisho kwamba alishiriki kupanga maelezo ya uongo yaliyotumika kuiombea. Mlango unaweza kuwa na namba sahihi na bado ukawa mlango wa mtu asiyehusika.

Baadaye mabishano yaliangukia jambo moja dogo ambalo kifaa cha dola 90 kingeweza kulimaliza. Je, askari walijitambulisha kabla ya kuvunja? Wao walisema waligonga na kujitambulisha. Mpenzi wa marehemu alisema walisikia mlango ukigongwa, wakauliza ni nani, wasijibiwe. Majirani wengi walisema hawakusikia askari wakijitaja, na mmoja alisema alisikia. Askari walioingia hawakuwa na kamera zilizorekodi tukio lile, kwa hiyo mji mzima ulibaki kupima neno la huyu dhidi ya neno la yule. Kazi ya kwanza niliyoipa kengele yangu, basi, ni ya ushahidi: kunasa sauti na sura ya kinachotokea upande wa nje wa mlango. Kwa kazi hiyo naipa alama nzuri, ingawa si zote.

Nimeipima hivi. Mwanangu, ambaye ana umri wa miaka 17 na hahitaji kushawishiwa kufanya jambo la ajabu saa nane za usiku, alishuka hadi kwenye maegesho, akapanda ngazi kwa mwendo wa mtu mwenye haraka, akagonga mara tatu na kusema maneno tuliyokubaliana, nami nikiwa kitandani na simu mezani. Tulirudia mara sita. Arifa iliingia kwenye simu kati ya sekunde ya 4 na ya 11 tangu mguu wake ulipogusa ngazi ya mwisho. Kuifungua programu na kusubiri picha itulie kulinichukua sekunde nyingine 6 au zaidi, na mara mbili nilikuta picha imeganda na mwanangu ameshainua mkono kugonga tena. Sauti ilisikika vizuri aliposema peke yake. Nilipomtuma na dada yake wakaongea kwa pamoja kwa kupaza, nilichosikia ni mkwaruzo, na maneno yenyewe niliyatambua kwa sababu nilikuwa nayajua tayari. Kasoro mbaya zaidi ni kwamba kamera husinzia ili kuokoa betri, ikaamka mtu akishafika, hivyo sekunde mbili za mwanzo hazimo kwenye rekodi, na kisheria zinaweza kuwa ndizo sekunde zinazotafutwa.

Sekunde hizo zinaonekana chache hadi uzilinganishe na jinsi mambo haya yanavyokwenda. Tarehe 2 Februari 2022, mjini Minneapolis, kikosi maalumu cha polisi kilifungua mlango wa fleti kwa ufunguo, kimyakimya, na chini ya sekunde 10 tangu waingie Amir Locke, kijana wa miaka 22 aliyekuwa amelala kwenye kochi chini ya blanketi, alikuwa ameshapigwa risasi. Alikuwa na bastola aliyoimiliki kihalali, na jina lake halikuwemo kwenye hati. Kamera iliyokuwepo ilikuwa ya askari wenyewe, na ni kwa sababu yake tunajua hesabu ya sekunde. Kwa mtu aliyelala, arifa inayoingia katika sekunde ya 11 itamkuta ameshachelewa. Anayeinunua kengele hii akitarajia imwamshe na kumpa nafasi ya kutulia, kuinua mikono na kujieleza, atakuwa amelipia kitu ambacho haiwezi kukitoa.

Kuhusu mambo ya kawaida nitasema kwa kifupi. Betri hukaa wiki nane wakati wa joto, na Januari hushuka hadi wiki tatu, tena ikiganda kabisa haikubali kuchajiwa hadi uiingize ndani ipate joto. Umeme ukikatika, mtandao wa nyumbani hukatika nao, na kengele hubaki pambo. Picha za usiku ni za rangi ya majivu lakini sura hutambulika hadi hatua tano hivi. Ada ya kuhifadhi video hulipwa kila mwezi. Usipoilipa utaona kinachotokea wakati huo tu, na hakibaki, jambo ambalo lingepaswa kuandikwa mbele ya boksi kwa herufi kubwa. Video hukaa kwenye mitambo ya kampuni, kwa hiyo mahakama inaweza kuidai huko bila kupitia kwako.

Lugha ni suala jingine. Chini yangu anaishi mama mmoja aliyetoka Kivu Kusini, mmoja wa Wakongo wengi waliofika mji huu kama wakimbizi, na aliponiona nikifunga kengele aliniuliza inavyofanya kazi, nikamweleza kila kitu pamoja na sababu yangu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: “Sasa papa, wakipiga kelele kwa Kiingereza usiku, mimi nitajua namna gani kama ni polisi?” Sikuwa na jibu, na kengele haina pia. Programu yake haina Kiswahili, na majibu ya tayari unayoweza kumpa mgeni kwa kubonyeza kitufe hayapo kwa lugha yetu. Kwa mtu aliyekimbia vita, ambaye nyumbani kwao mlango uliopigwa usiku ulikuwa na maana moja tu, swali lile lina uzito ambao mimi niliyekulia Mombasa siwezi kujidai kuuhisi wote.

Sisi wa Pwani tumelelewa kwamba mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka. Sheria ya Marekani nayo ina hodi yake: kwa kawaida askari mwenye hati hutakiwa kugonga, kujitambulisha na kusubiri kidogo. Kilichoruhusiwa kwa miaka mingi ni hati ya kuingia bila hodi, inayoombwa kwa hakimu kwa hoja kwamba aliye ndani ataharibu ushahidi au atakimbilia silaha. Baraza la mji wa Louisville lilizipiga marufuku hati za namna hiyo mwezi Juni 2020, kwa kura zote, katika sheria iliyopewa jina la Breonna, na likaamuru askari wanaotekeleza hati wawashe kamera za mwilini. Miezi mitatu baadaye mji ulikubali kuilipa familia yake dola milioni 12. Nisieleweke kana kwamba nyumbani kwetu hodi huheshimiwa na kila mwenye bunduki. Mwaka 2014 huko Kinango, Kwale, askari waliofika usiku kumtafuta jamaa yake walimuua kwa risasi msichana wa miaka 14 ndani ya nyumba, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu wawili kati yao kifungo cha miaka 7 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia.

Sasa niseme kitu ambacho sikukijua siku niliyonunua, na ambacho kimenipunguzia mapenzi na kifaa hiki. Tarehe 21 Novemba 2006, mjini Atlanta, polisi wa dawa za kulevya walivamia nyumba ya Kathryn Johnston, bibi wa miaka 92 aliyekuwa akiishi peke yake. Walikuwa na hati ya kuingia bila hodi, waliyoipata kwa kumdanganya hakimu kwamba mtoa habari wao wa siri alikuwa amenunua dawa pale, na kwamba mwenye nyumba alikuwa amefunga kamera za ulinzi alizokuwa akizitazama kwa makini. Kamera zilitajwa kama sababu ya kutopiga hodi. Bibi alikuwa na nondo mlangoni kama wazee wengi wa mtaa wake. Askari wakaanza kuzikata, naye akasikia, akachukua bastola yake kuukuu na kufyatua risasi moja iliyopita juu ya vichwa vyao. Wao walifyatua 39. Kisha, ili hadithi ikae sawa, wakaweka bangi ndani ya nyumba ya marehemu. Askari watatu walifungwa gerezani, na mji ukailipa familia dola milioni 4.9.

Kila ninapoitazama taa ya buluu ya kengele yangu inapowaka jioni, nakumbuka kiapo kile cha kamera zilizotajwa mbele ya hakimu. Kifaa ninachokiona kuwa shahidi wangu kinaweza, kwenye karatasi ya mtu mwingine, kuandikwa kuwa dalili ya mwenye nyumba anayechunga biashara haramu. Nondo za bibi yule zilikuwa na mkasa huo huo: zilifungwa kumzuia mwizi, na usiku ule zilichofanya ni kumpa muda wa kutosha kuifikia bastola. Simlaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba bidhaa za ulinzi wa mlango zimebuniwa kwa kumfikiria mwizi, na mwizi akiona amegunduliwa hukimbia. Askari aliyekosea mlango akihisi amegunduliwa huongeza kasi.

Kwa hiyo naipa kengele hii nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za rekodi, kwa sababu mtu aliyepoteza ndugu yake anastahili zaidi ya kubishana kuhusu nani alisikia nini, na moja ni ya wepesi wa kuifunga. Nyota mbili nimezinyima kwa kuchelewa kwa arifa na kwa ada ya kila mwezi ya kuhifadhi picha za mlango wangu mwenyewe. Ukiinunua, lipia hifadhi, zima ile hali ya kusinzia hata kama betri itakwisha upesi, na uielekeze ili inase na ngazi, si uso wa mgeni peke yake.

Lakini kabla ya hapo, tumia dola chache kwa namba za mlango zinazong’aa gizani. Mwezi Oktoba 2017, huko huko Atlanta, maofisa wa FBI walivunja nyumba ya familia moja alfajiri, wakarusha bomu la kishindo, wakawaelekezea silaha mwanamke na mpenzi wake waliokuwa wamejificha kabatini, huku mtoto wa mwanamke huyo, wa miaka 7, akiwa chumba kingine. Waliyemtaka aliishi jirani, mtaa mwingine. Kiongozi wao alisema alipotoshwa na kifaa chake cha ramani, na hawakuona kibao cha jina la mtaa wala namba iliyokuwa kwenye sanduku la barua. Hakuna aliyekufa, na mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliirejesha kesi yao chini isikilizwe upya.

Niliposoma habari hiyo nilitoka nje na tochi, nikaenda kutazama milango ya jengo letu kama askari mwenye haraka angeitazama. Mlango wangu ulisomeka. Wa yule mama wa Kivu, aliyepanga namba 6, ulikuwa umepoteza skrubu ya juu, tarakimu imezunguka na kuning’inia kichwa chini, na ukisimama kwenye maegesho ulikuwa unasoma 9. Namba 9 ipo, upande wa pili wa ngazi, na wapangaji wake hubadilika kila baada ya miezi michache. Nilimgongea kesho yake mchana nikiwa na bisibisi, akanishikia kiti nikapanda, na tukafunga skrubu mbili badala ya moja.