Vya kununua kabla ya kuwasha injini iliyotoka ovahoo: cha lazima, cha hiari na cha kuacha dukani

Kati ya shingo ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na beringi yake pana nafasi ndogo, kwa kawaida kama milimita 0.03 hadi 0.06. Injini inapozunguka, nafasi hiyo hujaa oili yenye presha na chuma hakigusi chuma. Injini iliyofungwa juzi haina oili hiyo. Mifereji ya oili mitupu, pampu kavu, filta haina kitu. Ukipiga stata katika hali hiyo, sekunde chache zinatosha kukwangua beringi mpya. Kwa hiyo mpangilio ufuatao haujali sifa zilizoandikwa kwenye chupa, bali madhara: ukikosa kitu hiki, kitaharibika nini kwanza?

1. Kilainishi cha kufungia injini

Hiki hakina mbadala. Oili ya kawaida huchuruzika kwenye beringi ndani ya siku chache, ilhali kilainishi cha kufungia hunata hapo kwa wiki nyingi. Kiko cha aina mbili, na fundi anayezichanganya hujitafutia kazi ya kurudia.

Cha majimaji mazito ndicho cha kupaka kwenye beringi za krenki na konrodi (fimbo za pistoni), shingo za kamshafti (shafti inayofungua valvu) na shafti ya roka (vikono vinavyokandamiza valvu). Chupa ya mililita 120 inatosha injini ya silinda 4 na itabaki. Paka upande wa ndani wa beringi tu. Mgongo wa beringi na kiti chake vibaki vikavu na safi kabisa, kwa sababu oili ikikaa nyuma hapo beringi haikai sawasawa na joto halipiti vizuri.

Cha pili ni marhamu nyeusi yenye molibdeni. Hii ni ya nundu za kamshafti na nyuso za tapeti bapa (vipande vinavyosukumwa na nundu hizo ili kufungua valvu), basi. Mgandamizo wa pale ni mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote, na kabla injini haijawaka nundu hazina oili ya kutosha. Usiipake kwenye ringi wala ukuta wa silinda. Ringi zinahitaji kusuguana kidogo na mikwaruzo ya honi (jiwe la kusugulia silinda) ili zikae. Ukizitelezesha mno, ukuta hung'aa kama kioo na injini itakula oili maisha yake yote. Ringi na pistoni zipake oili ya injini ya kawaida isiyo ya sintetiki, safu nyembamba.

Unaponunua, chagua kinachoyeyuka kwenye oili. Koroga tone moja ndani ya kikombe cha oili ya injini: kikibaki mabonge, mabonge hayohayo yataziba filta. Kwa sababu hiyo grisi ya beringi za magurudumu haifai humu, hata kama ni nzuri kiasi gani kwenye kazi yake. Mafuta mepesi ya mgando, yale ya kupaka ngozi, yanakubalika mahali pamoja tu: kujaza gia za pampu ya oili wakati wa kufunga, ili pampu ipate mvuto tangu mzunguko wa kwanza.

2. Kifaa cha kujaza oili kabla ya kuwasha

Kabla ya kutoa pesa, jua pampu yako inazungushwa na nini. Injini nyingi za sasa, zikiwemo Toyota 1NZ-FE na Chevrolet LS, pampu yake huzungushwa na krenki moja kwa moja. Kwa hizi, nunua tangi la presha. Mpira wake hufungwa kwenye tundu la swichi ya oili, na hewa ya kompresa ya bar 2 hadi 3 husukuma oili kwenye mifereji yote.

Angalia nyuzi za kiungio. Magari mengi ya Kijapani hutumia 1/8 BSPT yenye nyuzi 28 kwa inchi. 1/8 NPT ya Kimarekani ina 27. Kwa macho zinafanana, na ya pili huingia mizunguko miwili mitatu kabla ya kukaza. Anayeilazimisha kwa spana hupasua bloku ya alumini. Tangi lisilokuja na viungio vya aina zote mbili liache.

Wakati oili inaingia, mtu mwingine azungushe krenki kwa mkono, robo mzunguko kila mara, kufuata mwelekeo wa injini, mpaka itimie mizunguko miwili. Matundu ya oili ya krenki hufunguka kwa zamu, hivyo krenki iliyosimama huacha baadhi ya beringi zikiwa kavu. Simamisha kazi pale oili inapotokea kwenye roka. Usiache tangi likauke, maana litaanza kupuliza hewa. Oili iliyoingia ipunguze kwenye kipimo: injini inayochukua oili lita 4, iliyopokea lita 2 kwa tangi, inahitaji 2 tu kupitia kifuniko.

Injini za zamani ambazo pampu yake huzungushwa na shafti ya distribyuta (kigawa moto wa plagi) zinahitaji kitu cha bei nafuu zaidi, yaani shafti ya kufunga kwenye drili. Chevrolet V8 ndogo ya zamani huzungushwa kwa mwelekeo wa saa, Ford 302 kinyume chake. Kwa Chevrolet, nunua yenye kola. Mwili wa distribyuta ndio unaoziba mfereji wa tapeti pale, na shafti tupu isiyo na kola huvujisha oili chini kabla haijafika juu. Drili dhaifu itaungua, kwani pampu ikishashika oili inakuwa nzito.

Stata yenyewe ni njia ya tatu na ya bure. Toa plagi zote, kata mafuta na moto, piga sekunde 10, pumzisha dakika moja. Geji ya presha ya oili isiposogea baada ya mara kadhaa, acha ujue pampu inavuta nini.

3. Oili ya kuzoesha injini

Kwa tapeti bapa, ipandishe hadi nafasi ya pili. Oili za petroli za kisasa za kiwango cha API SP, katika madaraja kama 5W-30, zimewekewa kikomo cha fosforasi cha sehemu 800 kwa milioni ili kulinda kichujio cha ekzosti. Kamshafti mpya yenye tapeti bapa inataka zaidi ya hapo, hivyo tafuta oili ya kuzoesha yenye zinki na fosforasi nyingi, isiyo ya sintetiki. Injini hiyo ikiwaka, ishikilie kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20. Usiiache sailensa, yaani ikinguruma polepole bila kukanyagwa mafuta. Injini yenye tapeti za rola haidai haya. Oili nzuri isiyo ya sintetiki inatosha. Filta ijaze kabla ya kuifunga, kama inakaa wima.

4. Kinga ya kutu

Injini inayowashwa wiki hii, ruka hapa. Itakayokaa miezi, hiki kitu kinapanda juu ya oili ya kuzoesha. Silinda iliyotoka honi ni chuma tupu, na kutu huanza upesi penye unyevu. Nunua sprei ya kuhifadhia injini, puliza kila silinda sekunde mbili tatu, kisha funga plagi za jeli ya silika, zinazonyonya unyevu, na ubadilishe jeli ikigeuka rangi. Matundu yote yazibwe kwa vifuniko vya plastiki. Matambara hunyonya unyevu na kuacha nyuzi. Sprei nyepesi za kufukuza maji zina kiyeyusho kinachoosha kilainishi ulichopaka. Na usiizungushe krenki "isigande": kila mzunguko hufuta marhamu kwenye nundu.

Siku ya kuwasha, toa plagi na uzungushe kwa mkono kwanza. Oili iliyojikusanya juu ya pistoni haibanwi, na konrodi hupinda.

5. Chupa za nyongeza

Usinunue. Oili ya kuzoesha tayari ina kipimo chake, na zile za kupunguza msuguano ndizo zinazozuia ringi kukaa.