Muhtasari wa jaji kwa wazee wa baraza: alama 3 kati ya 5

Uganda haina jopo la raia 12 wanaoamua hatia kama Uingereza. Katika kesi za jinai za Mahakama Kuu, jaji huketi na wazee wa baraza, yaani raia wanaomshauri, wasiopungua wawili. Pande zote zikishafunga ushahidi, anawafafanulia sheria na ushahidi (huo ndio muhtasari), kisha kila mzee anatoa maoni yake kwa mdomo. Jaji hafungwi nayo, ila akitofautiana na walio wengi lazima aandike sababu. Hapo mpango huu unastahili sifa: jopo la Uingereza halitoi sababu, kwa hiyo likipotoshwa, upotofu huo ni vigumu mno kuuona.

Kasoro zimo kwenye maneno ya muhtasari wenyewe. Chukua mshtakiwa anayesema alikuwa kwingine. Jaji akitamka, "Ameshindwa kuonyesha kwamba usiku ule alikuwa Masaka," tayari amemtwisha mzigo usio wake. Tangu miaka ya 1960 mahakama za Uganda zimeshikilia kwamba mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha utetezi huo. Swali la haki ni hili: "Je, upande wa mashtaka umemweka mshtakiwa kwenye eneo la tukio bila kuacha shaka ya maana?"

Utambuzi wa usiku ni hatari zaidi. Hukumu ya rufaa ya 1979 inamtaka jaji ajionye mwenyewe, na awaonye wazee, kwamba shahidi mkweli anaweza kukosea. "Alimwona vizuri kwa mwanga wa tadooba" (taa ndogo ya mafuta ya taa) ni jibu lililokwisha kupikwa. Wazee wanahitaji vipimo: taa iliwekwa wapi, shahidi alisimama hatua ngapi, alimtazama kwa muda gani, na je, alimfahamu kabla? Onyo lisipotolewa, ukweli wa shahidi unageuka uhakika wa macho yake, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sikiliza pia vitenzi. Shahidi wa mashtaka "alieleza", mshtakiwa "alidai". Kurasa sita za mashtaka, mistari miwili ya utetezi. Hakuna kosa la sheria hapo la kunyooshea kidole, lakini mzani umeshainama.

Wakili aandike maneno ya jaji neno kwa neno, na aombe marekebisho kabla mzee wa kwanza hajafungua kinywa. Kisha ahakikishe muhtasari umo kwenye kumbukumbu za kesi, kwani sheria inamtaka jaji auandike. Usipokuwemo, majaji wa rufaa hawana cha kupima.