Kansas City Urban Youth Academy: wazazi wa mjini pelekeni watoto besiboli, ni bure kweli

Nyota 5 na ningekuwa na 6 ningewapa. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wa hapa Kansas City, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, mana wengi wetu tunapita ule mtaa wa 18th and Vine kila siku tukienda kazini na hatujui kwamba lile jengo la hii Academy na vile viwanja vya Parade Park ni vya watoto wetu pia. Ilifunguliwa 2018, timu yetu ya besiboli ya Royals wakishirikiana na ligi kuu yenyewe MLB na jiji. Wanachukua watoto wa miaka 6 mpaka 18, besiboli na sofboli, na hulipi kitu. Hamna ile ya mwezi wa kwanza bure halafu unaletewa bili.

Sasa kwanini nashikilia sana hii habari ya bure. Soka mpira mmoja watoto ishirini wanacheza mpaka jua linazama, besiboli haiendi hivyo, unataka glovu, beti, helmeti, njumu, na mipira yenyewe ikishavuka uzio ndo imekwenda. Beti nzuri inafika dola 300 na zaidi na mwaka ujao mtoto karefuka beti imekuwa fupi. Hapo hujagusa zile timu za kusafiri ambazo ada ni maelfu ya dola kwa msimu, bado hoteli na mafuta kila wikiendi. Timu moja ya huko vitongojini tuliwahi kuiulizia, bei waliyotutajia nikamwangalia mume wangu tukaaga kwa adabu tukaondoka. Mzazi anayeingia shifti ya usiku kwenye kiwanda cha nyama hela hiyo anaitoa wapi, na Jumamosi hiyo ya kuendesha masaa manne anaitoa wapi?

Ndo mana nikisikia mtu anasema watoto weusi wa mjini hawapendi besiboli, wanataka basketi tu, sikubali kabisa. Mwaka 1981 Wamarekani weusi walikuwa asilimia 18.7 ya wachezaji wa ligi kuu, 2024 wakawa kama asilimia 6, na mapenzi hayapungui hivyo yenyewe, ni viwanja vilikufa mitaani na gharama ikapanda. Kuna mzee mmoja John Young, alikuwa skauti wa besiboli, yaani mtafuta vipaji, akaona huko South Central Los Angeles alikokulia vipaji havitoki tena kama zamani, 1989 akaanzisha programu ya RBI ya kurudisha besiboli kwenye miji. CC Sabathia na Jimmy Rollins, waliokuja kuwa nyota wa ligi kuu, wamepita humo. Halafu 2022 kwenye drafti, pale timu za ligi kuu zinapochagua vijana wapya, kati ya vijana watano wa kwanza kuchaguliwa wanne walikuwa weusi na wote wanne walipitia programu za MLB za kukuza vijana. Kwahiyo mtoto akipewa pa kuchezea na mtu wa kumfundisha anacheza vizuri sana tu.

Turudi kwenye huduma. Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni ule ukumbi wa ndani. Wenyeji wa hapa mnaijua Februari ya Kansas City, theluji, upepo unakata masikio, watoto wamefungiwa apatimenti wanagombania simu, na wakati huo huo mwenzao wa Florida yuko nje anarusha mpira mwaka mzima. Pale ndani kuna nyasi bandia na vyumba vya nyavu vya kupigia, mtoto wako anafanya mazoezi amevaa tisheti. Na makocha wanaanzia chini kabisa, namna ya kushika mpira, mguu wa mbele unaelekea wapi, kiwiko kiwe juu, wanarudia na kurudia bila kumfokea mtoto. Wangu wa kiume alikuwa ameshakata tamaa na michezo kwasababu kwenye soka hana mbio, huku wakagundua ana jicho na mkono wenye nguvu, basi saivi nyumbani hatulali ni pa pa pa mpira ukutani, jirani wa chini nimeshamuomba radhi.

Kingine, Negro Leagues Baseball Museum, makumbusho ya ligi za weusi za enzi za ubaguzi, iko hapo hapo jirani unatembea kwa mguu. Wapelekeni watoto jamani. Ligi ya kwanza ya weusi iliyodumu ilianzishwa mtaa ule ule, jengo la YMCA la Paseo, Februari 1920, Rube Foster, mweusi mwenye timu yake, akiongoza kikao. Timu ya hapa ya ligi zile, Kansas City Monarchs, walikuwa na mrushaji maarufu Satchel Paige, na Jackie Robinson, yule aliyekuja kuvunja ubaguzi wa rangi ligi kuu, aliichezea 1945 kabla hajaenda timu ya Dodgers. Na kuna Josh Gibson, mpigaji wa ligi zile, tangu MLB waingize takwimu za ligi zile 2024 yeye ndo anashika wastani mkubwa wa kupiga kuliko wote waliowahi kucheza, .372, yaani hiti (kupiga mpira ukafika besi salama) kama 372 kwa kila mara 1,000. Mwambie mtoto wako anayelia kwa kukosa mpira hiyo namba maana yake hata yule bora kuliko wote zaidi ya nusu ya mara alizosimama kupiga alitoka bila hiti. Wangu ilimsaidia kuliko hotuba zangu zote.

Na wale wanaosema huu mchezo wa wazungu, Uganda walipeleka watoto wa Lugazi mpaka Williamsport huku Marekani kwenye mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya watoto, 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Mabinti pia msiwaache nyumbani, 2014 Mo'ne Davis wa Philadelphia, binti wa miaka 13, aliwarushia wapigaji mpira mchezo mzima kwenye mashindano hayo hayo na wavulana hawakupata hata pointi moja.

Ushauri kidogo. Msikimbilie kununua beti, muulizeni kocha kwanza, na mkinunua ya mtoto mdogo angalieni alama ya USA Baseball mana Little League tangu 2018 bila hiyo alama haichezewi, labda iwe ya mti mtupu. Glovu inavaliwa mkono usiorusha, kwahiyo mtoto wa mashoto anavaa kulia, semeni dukani mapema, na glovu iliyotumika ni nzuri zaidi kwa anayeanza kwasababu ngozi imeshalainika. Mtoto akianza kuwa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji, hesabuni mipira anayorusha, Little League wana kikomo, miaka 7 na 8 ni 50 kwa siku, 9 na 10 ni 75, na akisema kiwiko kinauma mtoeni hata kama timu inashinda, kiwiko cha mtoto bado kinakua.

Ratiba na fomu ziko kwenye tovuti yao. Kama Kiingereza cha fomu kinawapa shida nendeni na mtoto mkubwa awasomee, au niambieni kanisani Jumapili tukae tujaze pamoja, mimi na baba watoto tunabeba watoto kwenye gari na nyuma bado kuna siti.