Kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito: sahani ndogo au wiki mbili za majimaji?
Dada yangu, hapa Ngamiani, Tanga, alianza kula milo yake kwa sahani ya chai miezi mitatu kabla. Njia hii haitesi, na inafundisha kutafuna polepole, jambo atakalolihitaji maisha yake yote. Ila wali wa nazi una ushawishi; kijiko kimoja huita kingine.

Majimaji, yaani kunywa tu bila chakula kigumu, ni magumu, siku za mwanzo kichwa kinagonga. Lakini ndiyo yanayopunguza mafuta ya ini kwa haraka, na ini ndilo linalolalia tumbo: likinywea, daktari mpasuaji anapata nafasi. Maziwa yaliyoondolewa mafuta, supu ya changu iliyochujwa. Mwenye kisukari asithubutu kabla daktari hajampangia dawa upya, sukari inaweza kushuka ghafla.

Mimi namshauri aanze na sahani, amalizie na majimaji.