Saa mbili ya Sista na saa mbili ya mfumo: uzoefu wangu na programu ya kutafutia wateja

Nianze na nyota kabisa: moja. Nikitulia huko mbele nitaona kama nitaongeza.

Nauza sare za shule. Sina duka la rejareja, nashona kwa oda: sweta, sketi, tai, na soksi nazichukua kwa mtu. Wateja wangu ni shule za bweni, nyingi za mashirika ya dini. Biashara hii ina msimu mmoja. Kuanzia shule zinapokaribia kufungwa hadi kidato cha kwanza waripoti Januari, ama umepata oda ama umekaa unahesabu majora. Kwa hiyo inabidi uwasumbue wakuu wa shule na wahasibu mapema, wengi, tena kwa adabu. Miaka yote nimefanya hivyo kwa kaunta buku na vocha, hadi msimu uliopita mtu akanishawishi nijiunge na mfumo mmoja wa akili mnemba. Jina silitaji, sitaki kesi. Unaupa majina na namba, unawaandikia watu kwenye WhatsApp kwa jina lako, unawafuatilia, unawajibu, unapanga hadi miadi. “Mteja hatajua kama anaongea na mashine,” nikaambiwa.

Ndani yake kuna kitufe cha kuburuta kinachoitwa “Mguso wa kibinadamu”. Kina chini, wastani na juu. Nikaweka juu. Nani aweke chini?

Juu maana yake ni shikamoo kwa kila kiumbe. Kuna afisa manunuzi wa shule moja, ukimsikia sauti unajua miaka 25 hajafika. Kapokea shikamoo yangu, kajibu “Marahaba kijana”, na tangu siku hiyo ananiita kijana. Nina mvi. Halafu mfumo unachukua majina jinsi ulivyoyahifadhi kwenye simu, na simu ya mfanyabiashara wa hapa kwetu inajulikana ilivyo. Kuna mwalimu aliamka akakuta: “Shikamoo Mwl Kibaha Anadaiwa, natumaini wewe na familia mmeamka salama.” Alilipa siku ile ile. Sikujua nicheke au nikaombe radhi.

Nilicheka, kwa kweli. Nasema hivyo ili mjue sikuingia na kinyongo.

Na lilipokuja suala la Sista, mwanzo ulikuwa mtamu kuliko yote. Sista ni mhasibu wa shule moja ya wasichana upande wa Morogoro, shule ambayo nimekuwa naiwinda kwa miaka bila kupata hata jibu. Mfumo ukamsalimia, na kwa kuwa kitufe kiko juu, ukamalizia: “Watoto hawajambo?” Kwa mtawa! Niliposoma jioni nikashika kichwa. Kumbe Sista kajibu: “Wote 600 wazima, wanapiga kelele tu. Nani mwenzangu?” Hapo mlango ukafunguka. Akauliza bei ya sweta, akatumiwa profoma, akauliza kama rangi inachuja. Ndani ya siku chache tulikuwa tumefika mbali kuliko miaka yote ya vocha zangu. Nikaanza kuwahubiria wenzangu wa Kariakoo habari za mfumo.

Kisha Sista akaandika usiku mmoja: “Njoo Alhamisi saa mbili na sampuli. Saa nne nina kikao.”

Mtu yeyote anayesoma hapa ameshaelewa. Saa mbili asubuhi, saa nne kikao, nafasi ya saa mbili nzima ya kukagua mishono. Mfumo ukajibu vizuri tu, “Asante Sista, tutaonana Alhamisi saa mbili”, halafu kwenye kalenda yangu ukaandika 14:00. Na saa nne ya kikao ukaiweka 16:00, kwa hiyo kwa hesabu zake mambo yalikuwa yamenyooka kabisa. Mimi nikafungua kalenda, nikaona 14:00, nikajua Sista kanipa saa nane mchana. Mazungumzo yenyewe sikuyasoma. Hapo nina kosa langu, nalikubali. Lakini si niliambiwa nisihangaike kuyasoma?

Alhamisi asubuhi nilikuwa nyumbani Dar nanyoosha shati. Na namba ikishahamishiwa kwenye mfumo ule huifungui tena kwenye WhatsApp ya simu yako kama zamani; unaingia kwenye ukurasa wao, na mimi niliingia jioni tu. Haya yafuatayo nimeyasoma baadaye, nikiwa nimekaa kwenye benchi la stesheni, na bado nayajua kwa moyo.

Saa mbili na dakika ishirini. Sista: “Uko getini?”

Mimi, yaani mfumo, kwa jina langu na picha yangu: “Niko njiani Sista, tutaonana saa mbili kamili kama tulivyopanga!”

Sista: “Saa mbili imeshapita.”

Mimi: “Hakuna shida kabisa Sista! Nakusubiri kwa hamu.”

Saa nne kamili, mama wa watu anaingia kwenye kikao chake, ikamfikia hii: “Habari za asubuhi Sista! Nakukumbusha kwa upendo miadi yetu ya leo.” Yenye ua waridi.

Akajibu: “Asante. Mungu akubariki.”

Aliyelelewa nchi hii anajua hiyo ni nini. Mtu akikutukana bado mna mazungumzo. Mtawa akikwambia Mungu akubariki, nukta, hilo ni komeo limeshushwa. Mfumo wenyewe uliionaje? Uliiwekea kikatuni cha kijani kinachotabasamu, ukamhamisha Sista kutoka safu ya “Wanaofikiria” kwenda safu ya “Wako tayari kununua”.

Nimeirudia picha hiyo ya kijani mara nyingi. Ndiyo inayoniuma kuliko nauli.

Mimi bila habari nikapanda treni ya SGR, nikashuka Kihonda, nikachukua bodaboda na begi la sampuli mapajani, nikafika getini saa saba na nusu, najiona mtu wa kujali muda. Mlinzi akanitazama. “Wewe ndiye wa sweta? Sista ameshuka mpaka hapa mara mbili asubuhi.” Akanipa kiti, akaniletea maji. Nikamwomba basi amwachie Sista lile begi. Akasema taratibu, “Mzee wangu, nimeambiwa nisipokee kitu.”

Kumwomba radhi nako kukawa shughuli. Nilikaa na aibu yangu siku mbili, na nilipotaka kumwandikia kwa ile namba, haikuwezekana. WhatsApp kwa namba za mifumo ya namna hii inakuruhusu kuandika utakavyo ndani ya saa 24 tangu mteja aandike mara ya mwisho. Zikipita, unatuma tu ujumbe wa kiolezo ulioidhinishwa kabla. Violezo vyangu vilikuwa vitatu, na cha upole kuliko vyote kilisema: “Habari, tungependa kuendelea na mazungumzo yetu mazuri.” Nikampigia kwa simu yangu binafsi. Haikupokelewa.

Sasa huduma kwa wateja. Nimeeleza yote, na picha za mazungumzo nimeambatanisha. Kwanza nikajibiwa na mashine kwamba maoni yangu yanathaminiwa. Siku ya pili akanipigia kijana, binadamu wa kweli, Kiswahili chake safi, sauti ya hapa hapa mjini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: “Kaka, mfumo uko sahihi. Unatumia saa za kimataifa. Shida ni namna nyie mnavyosoma saa. Waelekeze wateja wako waandike AM au PM.”

Nyie! Nyie akina nani? Wewe ulipoambiwa ripoti kazini saa mbili uliingia saa nane mchana? Mama yako akikuita chakula cha mchana saa saba, unafika jua limezama? Matangazo mmeandika kwa Kiswahili, pesa mnakata kwa shilingi, shikamoo mmeijua, mpaka watoto hawajambo mmeijua, halafu katika nchi ambayo jua linachomoza saa kumi na mbili hakuna hata mmoja ofisini aliyeiambia mashine kwamba saa mbili ya asubuhi ni 8:00? Mimi nimwambie Sista, mwanamke aliyeamka kwa kengele ya sala, aandike AM? Mwambie wewe.

Alipomaliza akaniuliza kama kuna kingine anachoweza kunisaidia.

Nimepoa kidogo. Niseme na upande wa pili, maana nisipousema nitakuwa mwongo. Kwa kaunta buku, msimu mzima nilikuwa nafikia shule thelathini, arobaini nikijitutumua. Mfumo uliandikia karibu 200. Shule mbili mpya nimezipata, moja Singida na moja Tabora, na oda zake ndizo zimelipa fundi. Ni kweli wapo waliokasirika. Mwalimu mmoja alisema namba yangu anaipeleka 15040, kule wanakoripotiwa matapeli wa simu, na simlaumu, maana meseji ya mtu usiyemjua inaingia kwenye simu ambayo asubuhi hiyo hiyo imepokea “ile hela tuma kwenye namba hii”. Mwingine aliuliza namba yake nimeitoa wapi, akanitajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mfumo ukamjibu, “Swali zuri sana mwalimu!” Swali lilikuwa zuri kweli. Orodha nilinunua kwa mtu. Nimeifuta, wamebaki walionijibu wenyewe.

Kwa hiyo nyota mbili. Salamu ya kwanza inafaa, na kukumbusha kwamba fulani hajajibu wiki ya pili sasa inafaa sana, mimi nasahau. Ila mtu akishajibu tu, ondoa mikono ya mashine. Kitufe cha mguso nimekishusha chini kabisa, na cha kujibu chenyewe nimekizima. Nikafukua kaunta buku yangu ya zamani nikakuta nimeandika pembeni ya majina: “Usimpigie kabla ya tarehe 25.” “Ijumaa baada ya swala.” “Anza na habari za mguu wake.” Nilijaribu kuyaingiza haya kwenye kisanduku cha maelezo. Mfumo ukamwandikia mzee wa mguu: “Shikamoo, mguu?” Basi, buku imerudi mezani.

Nilitaka kuishia hapo kwa amani.

Lakini majuzi nimerudi Morogoro. Safari hii nilienda jioni ya kuamkia siku yenyewe, nikalala gesti pale Msamvu, na saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi nilikuwa getini bila miadi yoyote. Mlinzi yule yule. Akacheka mpaka akaegemea geti, akaingia ndani mwenyewe kunisemea. Sista akashuka, akaangalia saa yake ya mkononi kwanza, kisha mimi. Sweta wameshampa mtu mwingine, msimu umepita. Akanipa oda ya soksi, pea 600, nyeupe zenye mistari miwili ya bluu.

Nikaiingiza ile oda kwenye mfumo jioni, kwa ajili ya hesabu tu. Papo hapo ikaruka karatasi ya rangi rangi kwenye kioo: “Hongera! Mfumo umekufungia mauzo haya. Tulijua tangu mwanzo kuwa mteja huyu yuko tayari kununua.” Na chini yake kikatuni kile kile cha kijani.

Ile nyota ya pili nimeichukua.