Wikendi Kigoma: Hoteli ya Ufukweni Isiyo na Samaki

Nilimwahidi mume wangu kwamba ningeandika haya baada ya hasira kupoa. Wiki zinapita na hasira haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Hoteli yenyewe sitaitaja kwa jina. Ipo Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ina vyumba safi na ufuko unaovutia, na kwa sababu hiyo ndiyo maana nimekasirika zaidi kuliko ambavyo ningekasirikia nyumba mbovu ya wageni.

Sisi tunaishi Tabora, na kila kipupwe kinapobana huwa tunashuka Kigoma kwa mapumziko ya mwisho wa wiki. Nasema tunashuka kwa sababu Tabora ipo mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lipo chini yake kwa zaidi ya mita 400, tofauti ambayo mwili huitambua mara tu mtu anapoteremka kwenye treni na kulivua sweta palepale stesheni. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Mwenzangu ni Mnyamwezi aliyekulia kwenye asali na michembe. Katika matembezi yetu nimekuwa nikimwonyesha kitu kimoja kimoja cha kwetu. Niliwahi kumpeleka kwenye mnara wa kumbukumbu pale Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, akausoma haraka haraka kisha akakaa muda mrefu chini ya miembe. Safari hii, mwishoni mwa kipupwe, nilikuwa nimemwahidi jambo moja tu: mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma, ugali wa muhogo, jioni, miguu ikiwa mchangani.

Jioni ya kwanza tukaletewa orodha ya vyakula. Kuku na chipsi, kuku na wali, nyama ya ng'ombe, na mahali palipoandikwa samaki palikuwa pamekatwa kwa kalamu, mstari mnene uliopitishwa mara mbili. Nikamwuliza kijana aliyetuhudumia, ambaye kwa kweli alikuwa na adabu, akajibu kwamba samaki hawapatikani kwa sababu ni mbalamwezi.

Kwa msomaji asiyelijua ziwa letu, sababu hiyo si ya kijinga hata kidogo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, nao migebuka huwafuata dagaa kuwala. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga wake humeza mwanga wa taa, samaki hawakusanyiki, na wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa hadi giza lirudi. Lakini usiku ule mwezi ulikuwa mwembamba na ulitua mapema, na kutoka kwenye meza yetu, mbele ya macho yetu na ya kijana huyo, taa za vipe, yaani boti za kuvulia dagaa, zilikuwa zimetanda ziwani kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Nilimwonyesha kwa kidole. Akatazama, akatabasamu kwa aibu, akauliza kama kuku tungependa wa kukaanga au wa kuchoma.

Ningeelewa kama ingekuwa ile miezi ya mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, uvuvi uliposimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Wakati ule hata shangazi yangu wa Ujiji, ambaye kwake siku isiyo na samaki ni siku ya mfungo, alikula maharage bila kunung'unika. Safari hii ziwa lilikuwa wazi, na samaki walikuwa wakiuzwa kila kona ya mji.

Asubuhi tulikwenda mwalo wa Kibirizi, kwa matumaini pia ya kupata boti ya kwenda Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe. Nahodha tuliyezungumza naye alitazama mawimbi, akatuambia kwamba upepo wa kusini wa msimu huu si wa kuchezea na kwamba hawezi kuchukua hela yetu siku hiyo. Alitukatalia vizuri kiasi kwamba tuliondoka tukimshukuru. Natamani angekuwa yeye ndiye meneja wa hoteli. Hapohapo mwaloni nikachagua migebuka waliotoka kushushwa, macho maangavu, matamvua mekundu, na ngozi bado inateleza mkononi.

Tuliporudi nilikwenda moja kwa moja jikoni, nikamwomba mpishi, mama wa makamo, atuchomee, nasi tungelipia mkaa na kazi yake. Alifurahi kabisa, alimshika mgebuka mmoja, akambonyeza ubavuni kwa kidole gumba, akaniambia, "Hawa wamelala majini jana, mwanangu." Alikuwa ameshachukua kisu pale msimamizi alipoingia.

Kwanza alisema chakula cha nje hakiruhusiwi. Nikamweleza kwa utulivu kwamba nisingeleta cha nje kama cha ndani kingekuwepo. Hapo akaacha kunitazama, akamgeukia mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Mzee, naomba umweleweshe mama. Hapa siyo kwa mama ntilie."

Nimekuwa nikiigeuza sentensi hiyo kichwani tangu siku ile na bado sijui kipande kipi kinaniuma zaidi: kule kuzungumziwa nikiwepo, utadhani ni mtoto aliyevunja kikombe, au hilo la mama ntilie. Mimi nimesomeshwa kwa ugali na dagaa waliouzwa na mama yangu kwenye benchi la mbao pale Ujiji, na hakuna mteja aliyewahi kuondoka kwenye benchi lile akiwa ameambiwa kwamba samaki hakuna huku ziwa likimtazama. Mume wangu, ambaye si mtu wa maneno, alimjibu, "Mweleweshe mwenyewe, kijana. Samaki ni wake."

Ikaishia kwamba inawezekana kuchomewa, ila kuna malipo ya jiko, nayo yakawa sawasawa na bei ya kuku mzima. Tukalipa.

Na hapa ndipo hukumu yangu inapovurugika. Migebuka waliletwa wakiwa wamechanjwa mbavuni, chumvi imeingia hadi mfupani, ngozi imekauka pembeni na kupakwa mawese kidogo yaliyokuwa bado yanachemka. Pembeni kulikuwa na pilipili iliyotwangwa na ugali wa muhogo laini usio na donge hata moja. Mume wangu alikula bila kusema neno, kisha akaniomba kichwa cha samaki wangu. Nakiri kwamba katika matembezi yetu yote hatujawahi kula vizuri kiasi kile. Jiko la hoteli hiyo linamjua mgebuka kuliko majiko mengi ya mjini. Maana yake ni kwamba kuna mtu ameamua kwa makusudi kwamba mgeni wa Kigoma ale kuku.

Nilikuwa tayari kusamehe yote na kuwapa nyota nne. Kisha ikaja bili ya mwisho, na ndani yake, chini ya yale malipo ya jiko tuliyokwisha kuyatoa, kulikuwa na mstari mwingine: matumizi ya sahani. Sahani! Nilimwuliza msimamizi kama wageni wanaokula kuku hulia kwenye majani ya mgomba, naye akamtazama tena mume wangu.

Basi nyota mbili, na zote ni za mpishi. Mwenzangu anasema ninaionea hoteli, kwamba maji pale ni maangavu na kitanda kilikuwa kizuri, naye anataka turudi kabla ya mvua kuanza. Nimekubali kwa sharti la kulala Ujiji kwa shangazi na kwenda pale mchana kuogelea tu, tukiwa tumeshashiba. Siku yule mama atakapofungua kibanda chake mwenyewe, hata huko kuogelea nitakuacha.