Umeme Ukikatika: Inveta na Betri za Kununua, Kuanzia Ninayoiamini Zaidi

Betri ya mama mdogo wangu kule Kimara ilikufa ikiwa na miezi minane tu. "Mwanangu, nimeuziwa betri mbovu," aliniambia. Nikaenda kuangalia. Waya uliotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ulikuwa mwembamba kama wa soketi, plastiki yake imegeuka kahawia, na nati ya upande wa chanya ilizunguka kwa vidole vyangu bila spana. Nikafuata waya za kutokea, nikakuta inveta imeungwa kwenye DB, yaani boksi la breka, ya nyumba nzima. Umeme ukikatika, pasi, birika na friji vyote vinaigombania betri moja ya 100Ah (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri). Betri ilikuwa nzima siku aliyoinunua. Iliuawa na wayaringi.

Kwa hiyo kabla hujashuka Kariakoo, chukua kalamu uandike vitu unavyotaka viendelee kuwaka. Balbu tano za wati 9, feni mbili za wati 60, runinga ya wati 60, ruta ya wati 12: jumla kama wati 240. Friji ya kawaida hula wati 100 hadi 150 mota inapozunguka, lakini haizunguki muda wote, kwa hiyo hesabu wati 60 hivi kwa wastani. Tuseme wati 300. Pasi, birika na hita ya kuogea visiwemo kabisa. Pasi moja hula kuliko vyote hivyo mara tatu au zaidi.

Nafasi ya kwanza naipa inveta ya haibridi ya volti 24, yenye uwezo wa kama kVA 3, pamoja na betri ya lithiamu ya 25.6V 100Ah, aina inayoandikwa LiFePO4. Betri hiyo ina saa za wati 2560 (volti mara Ah), na unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza. Kwa mzigo wetu, ukitoa upotevu na wati 40 hivi ambazo inveta yenyewe inakula, unapata saa tano na ushee. Inveta hiyo inachaji betri kwa umeme wa TANESCO, kwa hiyo hulazimiki kununua paneli za jua siku hiyohiyo. Utaziongeza mfuko ukiruhusu. Ukitaka saa hizohizo kwa betri za jeli, nunua mbili za 12V 200Ah, maana hizo hupaswi kuzishusha chini ya nusu. Kila moja ina zaidi ya kilo 50. Tena joto la Dar halizihurumii: betri za risasi, ziwe za jeli au za maji, umri wake hupungua sana zikikaa kwenye chumba cha moto.

Kwa nini volti 24, wakati inveta za volti 12 ni za bei nafuu zaidi? Wati 1000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 80 zinazopita kwenye waya. Kwenye volti 24 ni kama 42, na kwenye 48 ni 21. Ampea zikipungua, joto kwenye viungo linapungua. Kile nilichokiona Kimara kinaanzia hapo.

Mfuko ukiwa mdogo, nafasi ya pili ni inveta ya kVA 1 ya volti 12 yenye mawimbi laini kama ya umeme wa gridi, na betri moja ya jeli ya 200Ah. Taa, runinga, feni na ruta vitaenda vizuri. Friji usiiguse, mota yake inapowaka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa.

Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa DB ya mwenye nyumba anunue lile sanduku linalobebeka lenye betri na inveta ndani yake. Kwa kila saa ya wati utalipa zaidi, lakini ukihama unahama nalo. Nafasi ya mwisho, ambayo simshauri mtu, ni inveta ya bei chee ya mawimbi ya mraba na betri ya gari. Feni itanguruma, na betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, haikutengenezwa kutoa umeme usiku kucha.

Dukani, omba mzani. Betri ya jeli ya 200Ah unayoinua kwa mkono mmoja si ya 200Ah.

Sasa fundi. Awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na mwambie mapema kwamba unataka DB ndogo ya pembeni yenye taa na soketi za inveta peke yake. Nyutro ya soketi hizo isichanganywe na nyutro ya TANESCO, na ethi iwepo. Waya wa betri usipungue milimita za mraba 35 kwa inveta ya kVA 3 ya volti 24, uwe mfupi, na fyuzi ya DC (ya umeme wa betri) ikae karibu kabisa na betri. Breka ya kawaida ya nyumbani haifai hapo, kwa sababu cheche ya mkondo wa betri haizimiki kirahisi. Kwenye mipangilio ya inveta achague lithiamu. Nimeona betri za lithiamu zikichajiwa kwa mpangilio wa betri za maji.

Na asikuunganishie kamwe kwa waya wenye plagi pande zote mbili unaochomekwa kwenye soketi ya ukutani. Umeme wako unaweza kutoka nje ya nyumba na kumkuta fundi wa TANESCO juu ya nguzo akiamini laini imezimwa.

Kabla hujamalizia malipo yake, zima swichi kuu mbele yake. Taa ulizochagua ziendelee kuwaka, na soketi ya pasi iwe imekufa kabisa. Kisha aweke testa kwenye waya unaotoka swichi kuu kuingia ndani ya nyumba. Ikiwaka, afungue DB aanze upya.